Nani Aliitengeneza? Majibu kwa Wanaouliza Maonyesho ya Sanaa na Mavazi Dar es Salaam

Barua za safari hii ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo lilelile: "Maonyesho mazuri yako wapi?" Basi. Hakuna mji, hakuna siku, hakuna neno kuhusu unachopenda. Barua za namna hiyo nimeziweka kando. Waliojieleza nimewajibu hapa, wengine kwa mstari mmoja, wengine kwa kirefu, kwa kadiri swali lilivyobeba.

"Shikamoo dada. Natoka Dodoma, nitakuwa Dar Jumamosi moja tu, nalala kwa mjomba Sinza. Napenda kuchora na pia nashona. Niende wapi?" (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Anzia mjini asubuhi, kabla jua halijakolea, halafu rudi kidogo kidogo kuelekea Mwenge. Njia yote ni moja, na jioni itakukuta karibu na kwa mjomba.

Mjini ni Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George V wa Uingereza. Wageni wengi wakifika hutafuta fuvu la zamadamu Zinjanthropus, lile ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, wakapiga picha na magari ya Mwalimu Nyerere, wakatoka. Wewe unashona, kwa hiyo kaa kwenye vitu vilivyovaliwa na vilivyotumiwa. Tazama shanga zilivyotungwa, ngozi ilivyoungwa, pindo lilivyokunjwa. Na mlangoni uliza kama kuna onyesho la muda, maana hayo huja na kuondoka bila wengi kujua.

Kutoka hapo panda daladala za barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ushuke Oysterbay uende Morogoro Stores kwa wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa picha za rangi za kung'aa. Watazame wakifanya kazi. Ukimaliza endelea mpaka Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa hapo tangu miaka ya 1960, kwa miti, udongo na nyasi, na mtu anayeshona atajifunza mengi kwa kutazama fito zinavyofungwa. Alasiri imalizie Nafasi Art Space, Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo. Ilianza mwaka 2008, na studio za wasanii ni makontena ya meli yaliyogeuzwa vyumba vya kazi.

Muda ukikubana, acha kingine chochote lakini usiiache Nafasi. Kule kwingine utaona kazi. Pale utamkuta aliyeifanya, mkono bado una rangi, na unaweza kumuuliza. Popote utakapofika siku hiyo uliza mambo matatu: nani aliitengeneza, lini, na kwa ajili ya nani. Wasomaji wangu wa zamani wanajua kwa nini sichoki kuyarudia haya. Wapya nitawaeleza mbele kidogo, kwenye swali la kanga.

"Kiingilio shilingi ngapi?" (Wasomaji tisa)

Hubadilika, na mwenyeji na mgeni hawalipi sawa. Beba kitambulisho chako, piga simu kabla ya kutoka.

"Tuandike maonyesho au maonesho?" (Mwalimu, Morogoro)

Mimi naandika maonyesho. Mwanafunzi wako akiandika maonesho usimkate alama.

"Nililipa pesa nyingi kwenda kwenye onyesho la mitindo, nikakaa nyuma, nguo zikapita kama upepo, sikuona kitu. Je, hayo ndiyo maonyesho ya mavazi unayotusifia?" (Fundi cherehani, Mbagala)

Hapana, na malalamiko yako ni ya haki. Tunatumia neno moja kwa mambo mawili. Kuna jukwaa, ambapo vazi hupita juu ya mwili wa mwanamitindo kwa muda mfupi mno, muziki umejaa na taa zinapepesa. Na kuna onyesho la kutazama, ambapo vazi limesimama, unalizunguka, unaliinamia, unasoma limetoka wapi. Jukwaa ni sherehe na soko. Fundi anajifunza kwenye hilo la pili.

Sisemi majukwaa hayana maana. Swahili Fashion Week, aliyoianzisha Mustafa Hassanali mwaka 2008, imewapa vijana wengi wa nchi hizi mahali pa kutaja majina yao mbele ya watu, na kutajwa jina si jambo dogo. Lakini wewe fundi fanya hivi: nenda mapema, kabla ya onyesho, au subiri baada yake, ukiona wabunifu wamepanga nguo zao kwenye meza na henga. Omba ruhusa, kisha geuza vazi ndani nje. Tazama mshono wa bega, tazama zipu ilivyokaa, tazama kama bitana imekatwa kwa kufuata uzi au imekatwa ovyo. Ukirudi Mbagala utakuwa na cha kujaribu kwenye cherehani yako.

Na hapa nina neno kwa waandaaji, ingawa hukuniuliza. Kwenye majukwaa yetu mbunifu hutajwa, anapigiwa makofi, anapewa maua. Mafundi walioshona nguo kumi na mbili usiku tatu mfululizo hawatajwi hata kwenye karatasi ya ratiba. Waandikeni. Mstari mmoja unatosha: "Mshono wa fulani na fulani." Aliyetarizi, aliyechovya rangi, aliyeweka vifungo kwa mkono. Kama vazi lina watu sita ndani yake, lisisimame jukwaani na jina moja.

"Bibi yangu amefariki na kuniachia sanduku la kanga, zaidi ya doti arobaini, nyingine hazijafuliwa hata mara moja. Mama wadogo wanataka tuzigawe. Kuna aliyeniambia zinafaa makumbusho. Ni kweli kanga inaweza kuwekwa kwenye maonyesho?" (Mjukuu, Tanga)

Pole kwa msiba, mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu nzima wiki hii.

Ndiyo, inaweza, na inastahili kuliko vitu vingi ninavyoviona vimetundikwa kwenye kuta nyeupe. Kanga ni vazi lenye maandishi, linalosomwa mgongoni mwa mtu anayetembea barabarani. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina jina, yaani yale maandishi, na kila kimoja kinahitaji jicho. Ilianza kuvaliwa Pwani mwishoni mwa karne ya 19, kutoka kwenye leso zilizoungwa pamoja, na majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nyingi zilichapishwa mbali, India, Uholanzi, Uingereza, Japani, kwa kufuata oda za wafanyabiashara wa Mombasa, Unguja na Dar. Baadaye tukachapa wenyewe, kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kikiwa kati ya vinavyokumbukwa zaidi. Kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Watu wa umri wangu bado wanaitambua kanga ya Urafiki kwa kuishika tu.

Sasa ndiyo lile jambo langu. Kanga ina jina, lakini ni jina la nguo. Jina la mtu aliyeichora halimo. Msomaji wa Mombasa ataniambia kanga za Kaderdina zimeandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla" pembeni, naye atakuwa amesema kweli, ila hilo ni jina la mwenye biashara. Nani alichora ule mkorosho? Nani alipima nafasi ya nukta za pindo? Nani alikaa akatunga "Japo sipati tamaa sikati", maneno ambayo wanawake wa pwani nzima wameyavaa? Hatuwezi kumtaja hata mmoja. Vitambaa hivyo vimo kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya vikiwa na namba ya kabati, mwaka wa kununuliwa na jina la aliyevipeleka. Mchoraji hayumo.

Niliwahi kuona jambo hili likimpata mtu wa nyumbani kwetu. Mama yangu mkubwa wa Mafia alisuka mikeka maisha yake yote. Alikata miyaa, akaianika, akaichovya rangi, akasuka ukili jioni akisubiri chai iive. Mkeka wake mmoja uliishia kwenye onyesho hapa mjini. Nilikwenda kuutazama nikiwa na furaha kama ya harusi, nikakuta kikaratasi: "Mkeka, Pwani. Msukaji hajulikani." Mama mkubwa alikuwa hai. Alikuwa na simu. Aliyeuchukua mkeka ule alikaa barazani kwake, akanywa maji yake. Tangu siku hiyo sijaingia kwenye onyesho lolote bila kuuliza nani.

Kwa hiyo kuhusu sanduku lako. Kabla ya kugawa hata doti moja, waite mama zako wadogo wote wakae mkekani, fungua sanduku, toa kanga moja moja. Kila moja ipige picha ikiwa imekunjuliwa wazi. Kwenye daftari andika jina lake, rangi, kiwanda kama kimeandikwa, na kile ambacho mama zako watakikumbuka: nani alimnunulia bibi yako, aliivaa kwenye harusi ya nani, alimfunikia mtoto yupi. Ukikuta kisutu, uliza ni cha harusi gani. Utaona wataanza kubishana na kulia, na katika kubishana huko ndimo historia ilimo. Andika hata yale wasiyokubaliana.

Kisha gaweni, ni haki yenu, lakini nakuomba ubakishe doti kumi hivi pamoja na daftari. Zifunge kwenye shuka jeupe la pamba, si mfuko wa nailoni, maana nailoni inashika unyevu. Ziweke mbali na jua. Kila baada ya miezi michache zikunjue, uzikunje upya kwa mistari mingine, la sivyo zitakatikia kwenye mikunjo ileile. Zile ambazo hazijafuliwa usizifue. Na usimruhusu mtu yeyote azikate ashone gauni au vifuniko vya viti, hata akikuahidi nini. Ukishakuwa na daftari, andika barua kwa makumbusho. Sanduku lisilo na daftari ni nguo kuukuu. Lenye daftari linaweza kusimama kwenye jumba lolote la maonyesho duniani.

"Nitajuaje Tingatinga halisi?" (Wengi mno)

Nimelijibu hili mara nyingi mpaka nashangaa linarudije, na linarudi kwa sababu watu hununua kwanza, kuuliza baadaye. Nalijibu tena, someni taratibu.

Tingatinga ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, upande wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar. Alianza kuchora mwaka 1968, kwenye vipande vya mraba vya ubao laini wa hadibodi, kwa rangi za mafuta za kung'aa, zile zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Kazi zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Hesabu wenyewe: miaka minne tu. Kazi za mkono wake ni chache, zinajulikana na zina bei ya kutisha, kwa hiyo kama umeuziwa "Tingatinga mwenyewe" barabarani kwa bei ya viatu, umeshapata jibu.

Lakini ndugu zake na wanafunzi wake waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ushirika wao ukaandikishwa. Kazi ya mchoraji aliye hai leo pale Oysterbay ni Tingatinga halisi pia, kwa maana ya mtindo, mradi ni yake na ana jina lake. Hapo ndipo pa kuchunguza. Acha kuuliza "ni halisi?" uliza "wewe ndiye uliyechora?" Mwambie akuonyeshe nyingine aliyoianza. Tazama kama ndege huyu ana jicho tofauti na ndege wa picha ya jirani. Ukiona picha ishirini za tembo na jua la machweo, zote zimelingana mpaka kivuli, hizo ni za kuuzwa kwa uzito, na aliyezichora hapati cha maana.

Na tafadhali, ukinunua, mwombe mchoraji aandike nyuma ya picha jina lake lote na mwaka. Si herufi mbili za pembeni. Jina lote.

"Mwenge nimeuziwa kinyago cha mpingo, nyumbani rangi ikabaki kwenye kitambaa." (Baba wa watoto wawili, Kimara)

Hukuuziwa mpingo. Umeuziwa mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama, na ukitazama chini ya kinyago mara nyingi utaona mahali ambapo weusi wa ndani unakutana na tabaka la nje la njano. Kinyago kisichoonyesha mahali popote palipoachwa bila rangi, kiulize maswali. Hata hivyo usiichukie Mwenge kwa sababu ya mmoja. Wapo pale wachongaji ambao baba zao walichonga ujamaa, ule mti wa watu waliobebana, na wengine wanaochonga mashetani. Kaa na mchongaji anayechonga mbele yako, ununue kwake.

"Msanii ameniambia picha ni laki nane. Nimempa laki mbili akanuna. Si kawaida kupatana bei?" (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Kariakoo ndiyo. Studioni kwa msanii, ukianzia robo ya bei, umemtukana. Wewe unajua jora linavyouzwa: kuna bei ya kununulia, kuna faida, kuna nafasi katikati. Mchoraji hana bei ya kununulia ya kukuonyesha. Ana turubai, rangi zilizopanda bei, kodi ya chumba, na miezi miwili ambayo hakuuza kitu. Sema kweli: "Nimeipenda, nina laki tano, naweza kumalizia mwezi ujao?" Wengi watakubali, na utakuwa umepata rafiki. Rudi ukamwambie samahani.

"Tunaruhusiwa kupiga picha ndani?" (Mama, Kigamboni)

Uliza kila mahali, usitumie mwanga wa kamera, na kabla ya kupiga kazi piga kikaratasi cha jina lake. Nimechoka kutumiwa picha za kazi nzuri na swali "hii ni ya nani?" wakati jina lilikuwa limebandikwa hapo pembeni.

"Niko Nairobi wiki mbili kwa kazi. Wenyeji wananiambia niende kuona twiga. Mimi nataka sanaa na mavazi ya watu." (Mhasibu, Arusha)

Twiga unao kwenu. Anza na Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Ndimo ulimo mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, mtu aliyenunua sanaa ya Afrika wakati viongozi wenzake wananunua mashamba. Mwaka 1972 yeye, mkewe Sheila na Alan Donovan walianzisha African Heritage, iliyouza vito, vitambaa na kazi za mikono na kuzungusha maonyesho ya mavazi mpaka Ulaya. Ukitaka kujua shanga na vitambaa vya Afrika vilipandaje kutoka kwenye meza ya mtalii hadi kwenye jukwaa la heshima, sehemu kubwa ya hadithi hiyo ilitokea Nairobi.

Kisha nenda makumbusho ya taifa, Museum Hill, ukatafute michoro ya Joy Adamson. Aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao. Mimi huitazama kwa moyo wa pande mbili. Kwa upande mmoja, mshonaji atapata humo kila hereni, kila ngozi, kila kifungo, vilivyochorwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa upande mwingine, ni mkoloni anayeagiza watu wavae ili wachorwe. Soma uso, si vazi peke yake. Nyuso nyingi humo zimechoka.

Makumbusho hiyo hiyo mwaka 2021 ilikuwa na onyesho lililotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo. Waliorodhesha zaidi ya 32,000. Ukumbini waliweka makabati ya kioo yakiwa matupu. Onyesho hilo limekwisha, lakini ukisimama mbele ya kabati lililojaa leo, kumbuka yale matupu.

Ukipata Jumapili yenye nafasi, uliza habari za jumba la sanaa la Paa ya Paa, kule njia ya Kiambu, la mchoraji Elimo Njau. Nakutaja hiyo hasa kwa sababu umetoka Arusha: Njau ni mzaliwa wa Marangu, na Wakenya wengi wanadhani ni wao. Kwa sanaa ya vijana wa leo kuna NCAI, taasisi ya sanaa ya kisasa ya Nairobi, aliyoianzisha mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, inayoonyesha kazi za Afrika Mashariki kwa utafiti wa kina na maelezo yanayosomeka.

"Hivi Mtanzania gani amewahi kufika kwenye makumbusho kubwa za nje? Mbona hatuna wasanii?" (Kijana, Ubungo)

Sentensi yako ya pili imeniumiza, nitakujibu kwa majina. Sam Ntiro wa Machame: jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilinunua mwaka 1960 picha yake ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Baada ya uhuru akawa balozi wetu London. George Lilanga, Mmakonde aliyekuwa Nyumba ya Sanaa, Upanga, kazi zake zimezunguka dunia. Everlyn Nicodemus, naye wa Marangu, alifanya onyesho lake la kwanza Makumbusho ya Taifa hapa Dar mwaka 1980, na mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982. Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, naye huchora kanga zenye misemo, mtu aone kwamba nguo ya bibi yake inatosha ukuta wa jumba kubwa. Na Victoria and Albert Museum ya London ilipofungua onyesho lake la mitindo ya Afrika mwezi Julai 2022, watu walipanga foleni.

Wasanii tunao. Tulichokosa ni mtoto wa shule anayeweza kuyataja majina manne hayo. Sasa wewe unaweza.

"Watoto wa miaka mitano na saba wataelewa?" (Mama, Mbezi)

Wataelewa kuliko wewe. Wapeleke Kijiji cha Makumbusho kwanza, wakimbie kati ya nyumba, halafu siku nyingine Nafasi. Saa moja na nusu inatosha. Wape penseli na daftari, simu ibaki kwenye mkoba.

"Kuna muuzaji ana barakoa ya Kimakonde, anasema ni ya babu yake, ina miaka zaidi ya themanini. Ana na mlango wa kuchonga kutoka Bagamoyo. Mume wangu ni mgeni, tunataka kusafiri navyo. Tununue?" (Dada, Masaki)

Msinunue bado, na mlango msiuguse. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango iliyochongwa kabla ya 1940, na vitu vya utamaduni vya aina hiyo havitoki nchini bila kibali. Muuzaji anayekuambia "bandarini nina mtu" anakuambia kwamba anajua sheria na ameamua kuivunja kwa pasipoti ya mumeo.

Kuhusu barakoa, Wamakonde huiita lipiko, nyingi zake mapiko. Huvaliwa na mchezaji wa ngoma wakati wa kuwatoa vijana jandoni, na kwa desturi haikuwa kitu cha kutundikwa sebuleni. Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa, pale pale Shaaban Robert ninapowatuma kila wiki, wakaiba vitu kadhaa. Lipiko moja kati ya hivyo lilinunuliwa mwaka uliofuata Paris na makumbusho binafsi ya Geneva, Barbier-Mueller. Mwaka 1990 ikafahamika kwamba lilikuwa la wizi. Lilirudishwa kwetu mwaka 2010. Miaka ishirini na sita kwa kipande kimoja cha mti, na hicho kilikuwa na bahati, maana kilijulikana kwamba ni cha makumbusho na mahali pa kurudi palikuwepo.

Kwa hiyo rudini kwa huyo muuzaji bila pesa. Muulizeni babu yake alikuwa wa kijiji gani, lipiko lilichongwa na nani, liliingia ngomani mara ya mwisho lini. Akijibu, andika kila neno kabla bei haijatajwa, kisha mwombe aende nalo makumbusho watu wa kazi hiyo walitazame. Asipokuwa na jibu hata moja, mwacheni nalo.